Mama amekataa kipimo, anatumia mafuta ya ubani ninayouza mimi

Mshauri, shikamoo.

Nina miaka 36, mama wa watoto wawili, naishi Unguja. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa na miaka 7. Dada yake akanichukua, akaninyonyesha mapenzi aliyokuwa nayo kwa wanawe, na mpaka leo namwita mama tu. Barua hii ni juu yake, lakini kosa nitakalolieleza ni langu.

Nauza mafuta ya ubani. Binamu yangu yuko Maskati, na kila akipata msafiri hunitumia ubani wa hojari wa Salalah pamoja na mafuta yake. Nayatia kwenye vichupa vya kahawia vya mililita 10. Nilianza na wateja wa kufukiza nyumba na wanaosinga maharusi. Kisha mwaka juzi nikapokea ujumbe kwenye simu kwamba mafuta ya ubani yanaua seli za saratani na kwamba wataalamu wamethibitisha. Sikuusoma mara mbili. Nikaupeleka kwenye kundi la wateja wangu, na chini yake nikaandika mwenyewe: "Matone matatu chini ya ulimi, asubuhi, mchana na jioni." Hayo matone matatu niliyatoa kichwani, Mshauri. Hakuna aliyenifundisha. Mauzo yakapanda mpaka nikaweza kulipa ada ya mwaka mzima kwa mara ya kwanza.

Siku chache baada ya Idi ndogo, mama aliuchukua mkono wangu akauweka kwenye titi lake la kushoto. Nikagusa kitu kigumu mfano wa kokwa ya zambarau, hakisogei. Kesho yake nilimpeleka hospitali. Walimpiga altrasaundi, daktari akasema lazima achukuliwe kinyama kipimwe. Mama hakujibu kitu mle ndani. Tulipofika nyumbani akavua baibui, akakaa, akaniambia: "Chuma hakinigusi. Jirani yetu walimtia kisu, hakumaliza mwaka. Na wewe dawa unayo kabatini, unanipeleka wapi?"

Huu ni mwezi wa tano. Akawa anakunywa matone yale yale matatu niliyoyabuni, nampa mwenyewe kwa kijiko mara tatu kwa siku, na usiku anajipaka mafuta matupu juu ya titi. Ngozi imekuwa nyekundu, imechubuka kama ya mtu aliyeungua kwa pasi. Kuna jambo jingine. Mwaka jana damu iliganda mguuni, na tangu hapo anameza warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, kila mwezi anakwenda kupima damu. Kliniki hajawahi kuwaambia habari ya mafuta. Wiki nne zilizopita alinionyesha mswaki una damu. Niliogopa sana. Bila kumwambia, nikaimwaga ile chupa ya kunywa, nikaijaza mafuta ya nazi, nikatia tone moja la ubani kwa ajili ya harufu.

Sasa mama ananiambia amepata nafuu! Anasema analala, mwili mwepesi, na uvimbe unapungua. Mimi nimeupapasa, haujapungua. Wageni wakija anawaambia, "Mwanangu huyu ndiye tabibu wangu." Nikilisikia hilo natoka nje. Fizi bado zinatoa damu, si kila siku.

Mume wangu anasema ninyamaze, mgonjwa ni imani, nikimvunja moyo atakufa kabla ya wakati, na biashara ndiyo inayotulisha. Dada yangu, bintiye mkubwa, yuko Dar es Salaam; anataka kuja na wajomba wamchukue kwa nguvu wampeleke Ocean Road, hospitali ya saratani. Habari ya nazi hakuna anayeijua isipokuwa wewe.

Je, mafuta haya yana dawa au hayana? Nimwambie mama? Na wale wateja wangu niwaambie nini?

Muuza Ubani, Unguja


JIBU

Marahaba mwanangu.

Kabla ya yote, zile fizi. Mtu anayemeza warfarini akitoka damu kwenye fizi haingojwi tarehe ya kliniki. Apelekwe kesho apimwe kasi ya damu kuganda, na daktari aelezwe kila kilichopita mdomoni mwake tangu Idi. Wapo wagonjwa walioripotiwa kwamba walipotumia dawa zinazotokana na utomvu wa ubani pamoja na warfarini, damu yao ilikawia zaidi kuganda. Zile zilikuwa dawa za utomvu na siyo mafuta ya kichupa, na huenda fizi za mama zina sababu nyingine kabisa, kwa kuwa ubani wa kunywa umeshaupunguza ukabaki tone la harufu tu, na damu bado inatoka. Lakini daktari wake anapanga dozi kwa kipimo cha damu, hajui ulichoongeza na hajui ulichopunguza. Safari hii haihusu titi wala kisu. Mama amezoea kupima damu kila mwezi, basi mwambie twende mapema, na fizi ni sababu tosha.

Sasa tukae tuzungumze.

Nikikusoma vizuri, mama aliyekulea ana uvimbe usiojulikana ni wa nini. Amekataa kipimo na ameshika kitu ulichomuuzia wewe kwa maneno uliyoyatunga. Ulipoogopa ukabadilisha chupa kwa siri, na siri hiyo imezaa nafuu ambayo wewe peke yako unajua haikutoka kwenye ubani. Mumeo anakuvutia kwenye kunyamaza, dada yako anakuvutia kwenye nguvu. Mzigo huo ni mkubwa kwa mtu mmoja, na kuuandika kama ulivyouandika, pamoja na yale matone matatu, kumehitaji moyo.

Umeniuliza kama mafuta haya yana dawa. Nitakujibu kwa urefu, maana naona swali hili ndilo linalokukosesha usingizi, na kwa sababu wewe muuzaji unastahili kukijua unachokiuza.

Ubani, unajua, ni utomvu. Kule Dhofari, Omani, wanauchubua mti kwa kisu kidogo, maziwa yanatoka, wanayaacha yagande majuma mawili hivi, ndipo wanarudi kubandua. Ndani ya lile donge mna vitu vya aina mbili. Kuna vyepesi vinavyoruka, ndivyo unavyovisikia puani, na kuna vizito visivyoruka. Kama umewahi kufika Pemba kwenye kiwanda cha mafuta ya makonyo, umeona: mvuke unapita kwenye makonyo, unabeba mafuta, na makonyo yenyewe yanabaki. Mafuta ya ubani hutengenezwa hivyo hivyo. Mvuke unabeba vile vyepesi, hasa pineni na limoneni. Vile vizito vinabaki chunguni, na miongoni mwake zimo asidi za bosweli.

Hapo ndipo ujumbe uliotumiwa ulipochanganya mambo. Sifa nyingi za kitabibu utakazozisikia kuhusu ubani, kama kupunguza maumivu ya magoti, zimechunguzwa kwenye dawa zenye hizo asidi za bosweli. Mwaka 2011 madaktari wa Ujerumani waliwapa wagonjwa 44 wenye uvimbe kichwani, waliokuwa wakitibiwa kwa mionzi, vidonge vya utomvu wa ubani wa Kihindi au vidonge vitupu. Wengi wa waliopata ubani walipungukiwa na maji yaliyojaa kwenye ubongo. Ni habari njema, na mimi nilifurahi nilipoisoma. Lakini kilichopungua ni maji, wagonjwa wote walikuwa wakiendelea na mionzi, na kilichotumika si mafuta ya kichupa. Katika kichupa chako asidi hizo hazimo, au zimo kwa kiasi kisicho na maana.

Majaribio ya mafuta yenyewe na seli za saratani ya titi yapo kweli. Yamefanywa maabara, seli zikiwa kwenye sahani. Seli iliyolala kwenye sahani ukiimwagia sabuni inakufa pia. Kati ya sahani na titi la mama yako kuna tumbo, kuna ini, kuna damu, na hakuna anayeweza kukuambia matone matatu yanafika wapi. Mwaka 2014 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ililazimika kuziandikia barua za onyo kampuni za mafuta ya mimea ambazo wauzaji wake walikuwa wakidai yanatibu saratani na hata ebola. Wauzaji hao wengi walikuwa watu kama wewe, wanaotumiana ujumbe. Nakutajia hili ujue kwamba ulichofanya kimewapata wengi kabla yako.

Basi mafuta hayana kazi? Yana kazi. Harufu yake inatuliza, na wewe umewaona wateja wako wakifumba macho wanapofungua kichupa. Ubani unafukizwa mtoto akizaliwa, biharusi akitolewa, khitma ikisomwa. Mama yako amekuwa nao maisha yake yote, ndiyo maana unamwingia kuliko maneno ya daktari aliyemwona mara moja. Kwa kusinga ni mazuri yakichanganywa: matone 6 kwenye mililita 30 za mafuta ya nazi yanatosha, hiyo ni kama asilimia 1. Kupaka matupu ndiko kulikomchubua mama. Na kichupa kilichokaa juani au kilichofunguliwa kitambo, harufu yake ikaanza kukaribia tarpentini, ni kikali zaidi kwa ngozi, maana vile vyepesi vikikutana na hewa vinageuka. Mwambie aache kabisa kupaka pale palipochubuka. Hilo atalikubali, kidonda kinamuuma.

Kuhusu kunywa, tia tone moja kwenye glasi ya maji uangalie. Linaelea juu, halichanganyiki, na mtu akinywa linafika mdomoni na kooni likiwa kali vile vile. Ule ubani unaolowekwa usiku maji yake yakanywewa asubuhi, kama wafanyavyo ndugu zetu wa Omani, ni kitu kingine. Mafuta yamekusanya nguvu ya madonge mengi ndani ya tone moja. Usisahau watoto: kichupa kisichofungwa vizuri mtoto akikinywa, mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Asitapishwe, akimbizwe hospitali. Na kwa kuwa yanashika moto upesi, yawekwe mbali na jiko na chetezo.

Nimekaa hapo kwa sababu unapozungumza na mama itakusaidia kutokusema "mafuta ni uongo". Si uongo. Ulichokipa jina kisichokuwa chake ni ile kazi ya kutibu saratani.

Niruhusu nikuulize jambo. Una hakika mama ameshika mafuta? Soma tena maneno yake mwenyewe. Alianza na chuma. Akamtaja jirani aliyetiwa kisu asimalize mwaka. Kabati lako limekuja mwisho. Naona huyu ni mtu anayeogopa, na mafuta yamempa mahali pa kujificha ambapo panaonekana kama matibabu. Ikiwa ni hivyo, ukiyaondoa mafuta leo, kesho atapata kombe, keshokutwa majani ya mti fulani, na hofu itabaki pale pale. Hofu ya kisu kwamba ukigusa uvimbe unasambaa, wako nayo wengi. Inatokana na kuona: watu wanachelewa, wanafika hospitali ugonjwa umeshatembea, wanapasuliwa, wanakufa, na wanaobaki wanakumbuka kisu. Hawakumbuki miezi ile ya nyuma. Mara nyingi kinyama huchukuliwa kwa sindano baada ya ganzi, na mtu anarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Je, mama anajua hilo, au kichwani mwake anaona chumba cha upasuaji tu?

Jingine: uvimbe mwingi wa titi si saratani. Huu wa mama, mgumu na usiosogea, unahitaji kupimwa bila kuchelewa, lakini nyumba nzima mmeshauhukumu kabla haujapimwa. Kwa upande wa pili sitakuficha, kungoja kuna gharama. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walichapisha mwaka 2018 hesabu ya wagonjwa 281 wa Marekani waliochagua tiba mbadala peke yake, saratani ikiwa bado haijasambaa mbali. Wakiwalinganisha na waliotibiwa hospitali, hatari yao ya kufa ilikuwa mara mbili na nusu, na kwa saratani ya titi ilipita mara tano. Anayekuambia unyamaze kwa kumhurumia anapaswa kuijua hesabu hiyo naye.

Na ile nafuu? Mimi naiamini. Pengine koo limeacha kuwashwa. Pengine pia ni wewe. Mara tatu kwa siku binti yake anakuja, anakaa pembeni ya kitanda, anamshika kidevu, anampa kijiko. Wangapi wanapata hilo? Mumeo anaogopa kwamba ukweli utamwondolea mama tumaini, lakini tumaini la mama lina jina lako. Ukikaa naye vile vile kwenye benchi la hospitali, silioni likiondoka.

Tuziangalie njia ulizonazo, maana kila moja ina mwiba wake.

Kumwambia yote, na nazi ikiwemo. Faida yake ni kwamba utalala, na daktari atapata habari kamili. Hatari ni kwamba mama ataona alichezewa na mtu aliyemwamini kuliko wote, na anaweza kukataa lolote litakalotoka kwako kwa muda. Wewe ndiye unayemjua: akikasirika, ni mtu wa siku mbili au wa miaka miwili?

Kumwambia nusu, kwamba umesoma, umegundua ulikosea kuhusu saratani, na umeogopa fizi zake, bila kutaja nazi kwanza. Hii ni nyepesi zaidi, na kosa la kwanza kwa kweli ndilo hilo. Lakini siri inabaki kabatini, na siku akiijua kwa njia nyingine itauma mara mbili. Ukichagua hii, angalau daktari aelezwe yote.

Kutomnyang'anya kitu. Unaweza kumwambia: "Mama, ubani uendelee kunukia chumbani na tukasingane ukitaka, na kinyama tukipime." Sijaona mahali popote ulipoandikwa mkataba kwamba ni ubani au hospitali. Watu wengi wanakwenda kwenye matibabu makali na kitambaa chenye harufu wanayoipenda mkononi. Hatari hapa ni mama kusema "ngoja niongeze mwezi", na mwezi ukawa mitano mingine. Kwa hiyo njia hii inataka tarehe.

Kumleta mtu wa tatu. Mwanamke wa makamo aliyechukuliwa kinyama akapona, au akatibiwa akaishi, angemfaa kuliko daktari. Au imamu anayemheshimu, kama unajua atazungumza kwa upole. Wajomba wanaokuja kwa boti kumbeba, hapo nina wasiwasi. Mama ana akili zake timamu na mwili ni wake. Wakimfikisha Ocean Road kwa nguvu, atakayekubali kuchomwa sindano bado ni yeye, na akigoma mbele ya watu kurudi nyuma itakuwa vigumu. Lakini dada yako si adui. Anaogopa kama wewe, na yuko mbali, hamwoni mama akicheka na wageni. Ukimweleza ukweli wote, nazi na matone, unaweza kupoteza sura mbele yake, na unaweza kupata mtu wa kubeba nawe. Hata hilo ni lako kupima.

Kuhusu wateja nitasema kifupi. Mama yako una nafasi ya kumpapasa ukajua uvimbe haukupungua. Wale wengine hujui nani kati yao ana kokwa yake na ameacha kliniki kwa ajili ya maandishi yako. Ujumbe wa sauti wa dakika mbili ungewafikia. Ndiyo, wapo watakaoondoka, na ada ya watoto si neno la kuchezea. Wapo pia wanaotaka mafuta ya kusinga na ubani wa kufukiza, biashara uliyoianza nayo, ambayo haikukutia aibu. Kama ungeirekodi sauti hiyo leo, neno la kwanza lingekuwa lipi? Jaribu kulisema ukiwa peke yako kwanza.

Umeandika kwamba mama akikuita tabibu wake unatoka nje. Siku moja usitoke. Ngoja wageni waondoke, kaa pale pale pa kijiko, na kabla hujaeleza lako muulize kilichompata yule jirani: aligundua lini, alikwenda lini, aliambiwa nini, mama mwenyewe alimwona mara ya mwisho akiwa katika hali gani. Mwache aseme mpaka amalize, hata kama ni jioni nzima. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

Kesho lakini ni fizi. Chukua kadi ya kliniki na vichupa vyote viwili, cha kunywa na cha kupaka, uvitie mkobani. Kisha niandikie kipimo kimesema nini.